Matairi Aliyoyatunza Mama Mboni

Kuna wanawake wanaoletewa mke mwenza mwenye miguu miwili. Watalia, watagombana, na mwisho watazoeana hadi kuazimana chumvi. Mama Mboni aliletewa mwenye magurudumu manne, na wa namna hiyo hakuazimi hata neno.

Lilikuwa gari la spoti la zamani, jekundu, la viti viwili tu, boneti ndefu kama pua ya mbwa wa kuwinda, paa la turubai, na ringi za spoki kama za baiskeli. Mumewe alilinunua mtoto wao akiwa na miaka mitatu. Mtoto mwenyewe alikuwa huyo huyo mmoja, binti, aliyepatikana baada ya mimba tatu kuharibika, ndiyo maana wakamwita Mboni, mboni ya jicho. Mume alikuwa mpima ardhi. Watu walimwita Mzee Kamba, kwa sababu hata alipostaafu aliendelea kutembea na kamba ya kupimia mfukoni, na kila alichokiona alikipima: pindo la gauni la mkewe, nafasi kati ya kikombe na kikombe kabatini, unene wa vumbi juu ya redio. Kikizidi au kikipungua, siku hiyo nyumba haikaliki. Hakuwa mtu wa kupiga. Ulimi ulimtosha.

"Mke wangu huyu aliishia shule ya msingi," alikuwa akisema mbele ya wageni. "Hesabu ya vidole inamshinda, ataiweza ya rula?"

Wageni walicheka, na mama naye alicheka nao, maana usipocheka unaambiwa umenuna.

Pamoja na gari yalikuja matairi manne mapya, ya muundo ule ule ambao gari lilitoka nao kiwandani, yenye mstari mweupe ubavuni. Mzee Kamba hakuyavalisha. Aliyafunga kwa karatasi za kaki, akayapanga stoo, ukuta mmoja na jiko, akasema, "Haya ni ya siku ya siku." Yakakaa pale kama vile vyombo vya kioo tunavyovifungia kabatini vikimngoja mgeni ambaye hata hajazaliwa. Mama Mboni akapewa kazi. Kila mwisho wa mwezi ayafungue, ayafute vumbi, ayapake dawa maalumu ya matairi iliyokuja kwenye dumu jeupe, kisha ayafunge tena. Mzee angekuja kukagua kwa kidole.

Mwaka wa tisa, akiwa amebeba sufuria ya maji ya moto, mama aliligonga dumu kwa kisigino. Mfuniko haukuwa umekazwa. Dawa yote ilitiririka ikaingia kwenye tundu la maji machafu, na yeye amesimama na sufuria yake, hawezi kuinama.

Mtu mwingine angekwenda kwa mumewe akasema, baba Mboni, nimemwaga. Sasa ujue ile nyumba. Mwezi uliotangulia alikuwa amevunja sahani moja ya wageni, na kwa hiyo sahani moja Mzee Kamba alimlazimisha kula kwenye mfuniko wa kopo la rangi, mezani, siku thelathini kwa hesabu, "mpaka mkono ujifunze." Mboni alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku ya kwanza alimwonea mama yake huruma akataka kumpa sahani yake. Baba akamkonyeza. Kufikia siku ya kumi, mtoto alikuwa anacheka.

Basi mama akafanya alichoona kinafaa. Alichukua mafuta ya taa, akachanganya na oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari lile lile, akatia rangi nyeusi ya viatu, akatikisa, akajaza dumu. Alipopaka, matairi yaling'aa kuliko yalivyopata kung'aa. Mzee Kamba alikuja, akapitisha kidole, akanusa. Stoo ile siku zote ilinuka mafuta ya taa, hata ungeweka waridi.

"Mm," akasema.

Hiyo "mm" mama aliilamba kama asali. Tangu siku hiyo akawa anapaka mchanganyiko wake kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, miaka kumi na mmoja, hakuacha hata mwezi aliokuwa na homa. Kwa kitambaa laini, polepole, kila jino, kila ubavu. Hakujua kwamba mpira haupendi mafuta ya taa. Nani angemwambia? Kumuuliza mtu kungekuwa kukiri.

*

Siku ya siku ikafika mwaka Mboni alipohitimu ualimu.

Chama cha magari ya kale, ambacho Mzee Kamba alikuwa katibu wake, kiliandaa msafara. Magari yangetoka uwanja wa mpira, yapande barabara ya mlimani, yateremke upande wa pili mpaka mbele ya jengo la manispaa ambapo waamuzi wangekaa na karatasi zao. Gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, hilo ndilo lenye kikombe. Goti la kushoto la Mzee Kamba lilikuwa limekwisha kukataa kukunjika, na klachi ya gari lile ilitaka mguu wa kijana.

"Utaendesha wewe," alimwambia binti yake mezani. "Zawadi yako ya kuhitimu. Mimi nitakaa gari la Mwenyekiti, mbele, nikuangalie unavyoniletea kikombe."

Mboni aliruka akamkumbatia. Mama aliweka kijiko chini. Alimwogopea mtoto wake kila kitu, toka utotoni: ngazi, mbwa, mvua, maji ya kisima. Alikuwa amesema "angalia" mara nyingi mno nyumbani mle hadi neno lenyewe likachakaa.

"Mteremko ule ni mkali," akasema.

"Hata ngazi ya mlangoni kwako ni kali," Mzee Kamba akajibu, na baba na binti wakacheka pamoja.

Matairi yaliyokuwa chini ya gari yalikuwa yamekwisha, uso laini kama kipara. Ilibidi yachaguliwe mengine. Jumatatu Mzee Kamba alimwamuru mkewe apakie yale ya stoo kwenye gari la Mwenyekiti, gari la kawaida la kubebea mizigo, kisha apande nayo nyuma. "Twende. Wewe ndiye yaya wao."

Fundi wa matairi alikuwa mtu mfupi mwenye banda la mabati pembezoni mwa barabara, watu walimwita Kiraka. Alikuwa ameshasaka wiki nzima. Aliyavuta matairi manne meusi kutoka nyuma ya banda, akayasimamisha mbele ya Mzee Kamba kama mtu anayemwonyesha mchumba.

"Saizi hii mzee, ni ya kutafuta kwa tochi mchana. Lakini nimeipata. Ya mwaka huu. Shika uone, laini."

Mzee Kamba hakushika. Alitoa kamba, akapima. "Meno yake yamekaa vingine. Na ubavuni hayana mstari mweupe. Waamuzi watanikata alama kumi."

"Waamuzi hawamo ndani ya gari, mzee."

Mwenyekiti wa chama, mtu wa tumbo na kofia, aliguna kwa kicheko. Mzee Kamba hakucheka. Alimgeukia mkewe. "Fungua."

Mama Mboni alikata uzi, akakunjua kaki. Jua la saa nne lilipoyapiga matairi yale, hata mafundi wa banda la jirani waliacha nyundo. Yalikuwa meusi kama macho ya ndama, mstari mweupe unang'aa, meno mazima. Mwenyekiti alipiga mluzi.

"Miaka ishirini haya? Katibu, usinitanie. Haya yamezaliwa jana!"

Hapo ndipo Mzee Kamba alipofanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya harusi. Aliweka mkono begani mwa mkewe, mbele za watu. "Mnamwona huyu? Kichwani hamna kitu. Lakini kutunza, anajua kutunza. Hakuna mwanamke mjini hapa angeweza."

Mama alihisi bega lake limekuwa la mtu mwingine. Macho yalimjaa maji.

Kiraka alikuwa amechuchumaa. Alilisukuma tairi kwa dole gumba, halikubonyea. Alijaribu kwa ukucha, ukateleza kama kwenye kwato. Alilipiga goti, akalikunja kwa nguvu zake zote, na kati ya meno ikafunguka mistari myembamba, mingi, kama nyufa za kisigino. Alinusa vidole vyake. Akasoma tarakimu zilizoandikwa ubavuni, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii ni maiti iliyopakwa wanja."

"Unasemaje?"

"Mpira una umri wake. Hata ukilala kitandani unazeeka. Huu umezeeka, halafu kuna kitu kimeula. Kwa kasi, kwa joto la lami, ngozi itachubuka itoke yote. Mimi siufungi."

"Nguo ambayo hujaivaa inachakaa?"

"Ikiingiwa na nondo, inachakaa."

"Wewe umesoma wapi, Kiraka?"

"Chini ya magari, mzee. Karo nililipa hii." Fundi aliinua mkono wa kushoto. Kidole kimoja hakikuwepo.

Watu wakacheka, na safari hii hawakuwa wakimcheka Kiraka. Mzee Kamba alibadilika uso. Mboni, aliyekuja nao na alikuwa akiyapiga picha matairi kwa simu, aliisogeza simu pembeni. "Baba, lakini kama fundi anasema..."

Kiraka aliona nafasi. Alimgeukia mama kwa adabu. "Mama, samahani. Wewe ndiye uliyeyatunza. Ulikuwa unayapaka nini?"

Mwenyekiti akimtazama. Mboni akimtazama. Ule mkono bado begani, mzito, wa moto.

Hapa msomaji usijifanye shujaa. Ni rahisi kusema ningesema. Mama alijua kwamba akisema "mafuta ya taa," mkono ule utatoka begani na hautarudi mpaka kaburini. Alijua pia kwamba mwanawe ndiye atakayekalia matairi yale. Mambo yote mawili aliyaona, moja huku na moja huku, kama mizani ya dukani. Akajiambia, nitasema baadaye, tukiwa wenyewe.

"Dawa," akasema.

"Dawa gani, mama?"

"Ile ya kwenye dumu."

"Umesikia?" Mzee Kamba akamgeukia binti yake. "Haya, chagua wewe, ndiye dereva. Unamwamini nani? Baba yako na mama yako, au mtu anayeitwa Kiraka?"

Mboni alimtazama mama yake. Alimtazama kweli, kwa kituo, kama anayesubiri neno. Mama akainama kuokota karatasi za kaki. Binti akatabasamu, akaweka kiganja juu ya tairi lililong'aa. "Haya haya, baba."

"Mimi siyafungi," Kiraka alirudia, taratibu.

"Nani amekuomba? Mwenyekiti ana mitaimbo nyumbani kwake. Tutayafunga wenyewe."

Walipokuwa wanapakia, fundi alimsogelea mama akamnong'oneza, "Mama, mimi nina wanangu pia." Yeye akajifanya anahangaika na uzi.

*

Mchana ule ule, Mzee Kamba akiwa kwa Mwenyekiti na mitaimbo, mama alilichukua dumu jeupe akalitumbukiza kwenye shimo la choo. Alisikia lilivyotua. Alidhani ametupa aibu yake. Alikuwa ametupa ushahidi wake.

Akangoja. Jumanne akasema kesho. Jumatano Mzee alikuwa na hasira ya goti. Alhamisi wageni. Ijumaa alasiri, msafara ni kesho yake, Mboni aliketi mkekani katikati ya magoti ya mama yake ili asukwe nywele. Kichwa kile alikuwa akikisuka toka kina nywele tatu. Alipofika nusu, akaweka chanuo chini.

"Mwanangu, usiendeshe lile gari."

"Mama, tumeanza?"

"Nisikilize. Ile haikuwa dawa. Dawa niliimwaga zamani, wewe ukiwa mdogo. Nilikuwa napaka mafuta ya taa. Na oili chafu. Yule fundi alisema kweli."

Mboni aligeuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. "Kwa nini hukusema pale?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Hofu ile mtoto aliyelelewa kwa kucheka asingeielewa. Mboni aliinuka. "Baba! Njoo usikie huku!"

Mzee Kamba alikuja akichechemea, akasikiliza yote amesimama mlangoni, bila kukatiza. Kisha akauliza swali moja. "Dumu liko wapi?"

"Nililitupa."

"Wapi?"

"Chooni."

Alianza kucheka taratibu, kicheko kikapanda. "Mboni, unaona? Miaka ishirini anatunza, Jumatatu anasema mbele ya watu ni dawa, leo ni mafuta ya taa, na dumu limeingia chooni lenyewe! Mama yako ana wivu na gari. Toka lilipokuja. Si ndiye anayeliita mke mwenzake?"

Ni kweli alikuwa akiliita hivyo. Ulikuwa utani wake mmoja tu katika nyumba ile, na sasa ulirudi na meno.

"Mama," Mboni akasema, kwa upole ambao ulichoma kuliko tusi, "siku yangu moja tu. Hata siku moja hii huwezi kuniachia?"

"Nakuapia mwanangu."

"Usiape," Mzee Kamba akasema. Aliinama mpaka uso wake ukawa usawa wa uso wa mkewe. "Tufanye hivi. Gari lina viti viwili. Kesho utapanda wewe, ukae na mwanao. Kama matairi ni mabovu unavyosema, hutapanda, mwoga kama wewe. Ukipanda, tutajua ulikuwa unasema uongo. Chagua."

Ona mtego huo ulivyosukwa. Akikataa kupanda, mtoto ataondoka peke yake na wao watacheka. Akipanda, ameapa mwenyewe kwamba matairi ni mazima. Mama alimtazama binti yake.

"Nitapanda," akasema.

Mzee Kamba akapiga makofi. "Umeona, Mboni? Kesi imekwisha."

*

Asubuhi ya Jumamosi gari lilikuwa limeoshwa likameremeta. Mboni alivaa miwani ya jua na kitambaa chekundu kichwani. Mama aliingia kwa shida, kiti kiko chini kama kigoda, magoti yakamfika kidevuni. Mikanda ya gari lile ilikuwa ya kiunoni tu, ya zamani. Aliufunga wa mwanawe, akaukagua, akaufunga wake.

"Mama, tabasamu basi. Watu wanapiga picha."

Alitabasamu.

Walipanda mlima vizuri. Magari kumi na manane, honi za kila sauti, watoto wa mitaani wakikimbia pembeni. Mboni aliendesha kwa utulivu, na katika kupanda kule aliupapasa mkono wa mama yake akasema, "Unaona? Hamna kitu." Mama akaanza kujidanganya kwamba huenda. Huenda Mungu ni wa wajinga pia.

Kileleni, Mwenyekiti aliongeza mwendo ili msafara ushuke kwa mbwembwe. Mzee Kamba, mbele, alitoa mkono dirishani na leso nyeupe, akaipunga: njoo, njoo, usibaki nyuma. Mboni akakanyaga mafuta.

"Polepole mwanangu."

"Baba ananiita."

"Polepole!"

Kwanza ulikuja mtikisiko kwenye sakafu, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja. Halafu kwa ngumi. Mama alijua kabla ya dereva, maana matairi yale aliyajua jino kwa jino. Akatazama nje akaona kipande kirefu cheusi kinapaa nyuma yao, kinajikunja hewani kama nyoka aliyerushwa. Ngozi ya tairi la mbele. Kishindo kikafuata, usukani ukamponyoka Mboni, na spoki zikaanza kulia juu ya lami.

Kulikuwa na nguzo ya saruji pale barabara inapokata kona. Upande wa dereva ndio ulioifuata.

Mama alivunjika mkono na meno mawili. Alitoka mwenyewe, kwa kutambaa. Mboni hakutoka. Alikuwa macho, ameketi, miwani imebaki puani, boneti imerudi nyuma mpaka mapajani. "Mama," alisema, kama anayeomba msamaha kwa kuvunja sahani, "siisikii miguu yangu."

Mzee Kamba alifika akiburuta goti lake. Wapo waliosema baadaye kwamba mshtuko humfanya mtu aseme ovyo. Huenda. Lakini mama alikuwa amepiga magoti pale pale kwenye vioo, akasikia kwa masikio yake neno la kwanza la mumewe. Alisema, "Boneti."

*

Siku ya tatu, Kiraka alikuja hospitalini amevaa shati la kupiga pasi. Alikuwa amerudi barabarani akaokota kile kipande cheusi, amekifunga kwenye gazeti. Walikuwa ukumbini nje ya wodi: Mzee Kamba, Mwenyekiti na kofia yake mkononi, mama na mkono wake wenye plasta. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, na kitanda cha kwanza kilikuwa cha Mboni.

Fundi alifungua gazeti. Harufu ikajaa.

"Mama," akasema, bila ukali, "ulikuwa unapaka nini?"

Na safari hii akajibu. Alijibu kwa sauti, akataja yote: dumu, kisigino, maji ya moto, mafuta ya taa, oili chafu, rangi ya viatu, miaka kumi na mmoja. Maneno yale yale ambayo Jumatatu yangemgharimu aibu ya mchana mmoja. Ukimwaga, sema umemwaga. Hata kama utalishwa kwenye mfuniko wa kopo mwaka mzima, sema, maana mfuniko wa kopo hauvunji mgongo wa mtu.

Mzee Kamba alisikiliza mpaka mwisho. Na ungedhani mtu aliyecheka Ijumaa ile angeinamisha kichwa. Hakuinamisha. Akaingia wodini, akasimama kando ya kitanda cha binti yake, akasema taratibu, kila neno limepimwa kwa kamba.

"Umesikia mwenyewe. Mimi nilidanganywa miaka kumi na mmoja ndani ya nyumba yangu. Niliyafunga nikijua ni mazima. Mama yako aliyafungua, aliyapaka, alijua, na alipoulizwa na fundi alisema ni dawa. Akanyamaza siku nne. Siku ya tano anakuja na hadithi ya dumu lililoingia chooni. Wewe ungeamini?"

Mboni alikuwa akitazama dari. Daktari alikuwa ameshamwambia, kuanzia kiunoni kwenda chini basi.

"Pale kwa fundi nilikuangalia, mama," akasema. "Nilikungoja. Ulikuwa unaokota makaratasi."

Mama akataka kusema, na baba yako, je? Nani alisema chagua? Nani alipunga leso? Lakini alipofungua kinywa chenye pengo la meno mawili, alikuta kwamba kila alichosema mumewe kilikuwa kweli. Hakuongeza hata neno la uongo. Alichofanya ni kuanza kuhesabu kutoka pale palipomfaa.

"Kwa nini ulipanda?" Mboni akamuuliza. "Kama ulijua, kwa nini ulipanda?"

"Ili usiwe peke yako."

"Ulipopanda ndipo niliposema, basi kumbe ni salama." Akageuzia uso ukutani. Uso tu, kwa sababu kiwiliwili hakikugeuka.

*

Gari lilinyooshwa. Ilichukua miezi saba, boneti mpya ikapigwa rangi, na Mzee Kamba akaenda mwenyewe kwa Kiraka kuchukua yale matairi manne ambayo hayakuwa na mstari mweupe. Mstari aliuchora kwa brashi. Mwaka uliofuata msafara ulipita tena, gari likiendeshwa na mtoto wa Mwenyekiti, na lilipata kikombe cha mshindi wa pili. Kipo kabatini, katikati ya vyombo vya wageni, nafasi imepimwa pande zote mbili.

Mama Mboni naye alikwenda kwa Kiraka, kwa shughuli yake. Kiti cha magurudumu cha Mboni kilikuwa kimekula mipira yake ya nyuma. Fundi alimwekea jozi mbili juu ya benchi.

"Huu wa upepo, mlaini, hauumizi mgongo, lakini utapata pancha. Huu umejaa, hauna pancha, lakini kila kijiwe atakisikia. Chagua, mama."

Alisimama pale muda mrefu, hata wateja wengine wakahudumiwa wakaondoka. Aliibonyeza kwa dole gumba, akaikunja, akatafuta tarakimu ubavuni, akamwomba fundi amsomee mara mbili. Mwisho alichukua wa upepo.

Sasa kila asubuhi, kabla ya chai, hupiga magoti barazani kuyafuta magurudumu ya kile kiti. Mboni huwa ameketi juu, mikono mapajani, anamtazama utosini. Baba humwita kutoka sebuleni, na yeye humwitikia kwa sauti nzuri, "Naam, baba." Halafu humwinamia mama yake.

"Umepaka nini leo?"

"Maji, mwanangu. Maji matupu."

"Lete kitambaa."

Mama humpa. Na Mboni, kila siku ya Mungu, hukikunjua kile kitambaa, akakipeleka puani, akakinusa.